Unga Uliokwenda na Maji

Habari ya kifo cha Athumani niliipata Somanga, kwenye banda la mama mmoja anayekaanga samaki kando ya barabara. Nilikuwa nimeketi nasubiri changu wangu aive, kijana aliyeshuka kwenye lori la korosho akamwambia yule mama, "Mzee Athumani wa Tingi tumemzika jana. Yule aliyekuwa mpishi wa Wazungu." Mama akageuza samaki, akauliza, "Si yule aliyefungwa kwa wizi?" Kijana akajibu, "Huyo huyo." Zaidi ya miaka arobaini imepita. Mtu amelima, amezaa, amejenga nyumba, ameadhini katika msikiti wa kijiji chake mpaka sauti ikamkauka, na bado mwanamke ambaye hakuwa amezaliwa mwaka ule anamkumbuka kwa wizi ambao haukuwapo. Niliinuka. Hasira ya mzee inatia aibu: maneno hayatoki. Niliweza kusema neno moja tu, "Hakuiba." Yule mama akaniangalia kwa huruma, akaniuliza kama nataka ndimu.

Mwaka ninaousema, mashamba ya karanga ya Nachingwea yalikuwa yanakufa, na watu kama mimi tulikuwa tumemwagika pwani nzima tukitafuta pa kushika. Nilikuwa nimekwisha kukata katani Lindi, nimekwisha kukokota chumvi, nimekwisha kuendesha trekta la karanga kwa wiki tatu kabla sijaliingiza mtaroni. Shule niliiacha darasa la nne. Mwalimu alichoka na maswali yangu, na mimi nilichoka na fimbo yake. Nikafika Kilwa Kivinje kwa miguu, na jambo la kwanza nililosikia sokoni ni kwamba yuko Mzungu mmoja anayechoma mawe na kuweka majivu yake kwenye makopo kama mtu anayeweka samli. Watu walimwita Bwana Majivu. Wengine walicheka. Mimi niliuliza anakaa wapi.

Alikuwa amepanga kwa Bi Zuhura, mjane mwenye nyumba ya mawe nyuma ya soko. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vyake, cha kulala na cha kazi, na sisi wengine tulikaa uani, mimi kwenye kibanda cha kuni, Athumani mpishi na mkewe Somoe kwenye chumba kilichoegemea jiko. Katikati ya ua palikuwa na kisima na mpapai mmoja mwembamba. Chumba cha kazi nakiona hata leo nikifumba macho. Meza ndefu ya mbao za masanduku, mizani ndani ya kabati la kioo, chupa kubwa za asidi zilizofumiwa vikapu, kuta zilizokwisha kubadilika rangi kwa moshi wake. Bwana Majivu alikula chakula cha mchana humo humo, amesimama, akichokoa nyama ya nguruwe ya kopo kwa ncha ya kisu, na kopo akiliacha popote lilipomwangukia. Dirishani aliweka glasi ya maji, na ndani ya maji kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba, cha kijivu, kinachong'aa kama kioo. Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta kwenye majivu. Akaniambia jina lake, gerimani, kwa kuwa aliyekigundua alikuwa Mjerumani na alikipa jina la nchi yake. Bi Zuhura, ambaye aliwaona Wajerumani kwa macho yake akiwa msichana, aliposikia jina hilo alitema mate mlangoni. "Hata mawe yetu wameyabandika jina lao," akasema, akaenda kuchambua mchele.

Kazi yenyewe niliipenda, na sitaki kujifanya sikuipenda. Tulichukua makaa ya mawe kutoka kwenye kingo za kijito kimoja vilimani, ng'ambo ya Tingi. Tuliyachoma, tukasaga majivu, tukayatia asidi kali ndani ya chupa ya kioo yenye shingo ndefu, tukakoleza moto. Kitu kile kilichojificha kwenye majivu kilishikana na asidi, kikageuka mvuke kabla hata maji hayajachemka sawasawa, kikapita kwenye mrija na kushukia kwenye maji baridi. Hapo ndipo nilipokuwa nikiacha kupumua. Maji safi kabisa yalichafuka ghafla yakawa meupe kama tui la pili, na weupe ule ukatulia chini ukawa unga. Chembe chache alizitia kwenye chupa ndogo ya akiba, unga mwingine wote akaukausha juu ya sahani. Athumani alisimama mlangoni na kijiko chake cha upawa. "Ee bwana," akasema, "umeacha trekta ukaja kupika gongo ya mawe? Basi hata kulevya hailevyi?"

"Onja uone."

"Nionje mimi, mke wangu amelea tumbo miezi saba! Onja wewe usiye na mtu wa kukulilia."

Tulicheka hivyo kila siku. Alikuwa Mmwera wa bara ya Lindi, mfupi, mwenye mikono ya haraka, na alikuwa na wivu wa kitu kimoja tu, usafi wa vyombo. Sufuria zake hukuzishika bila kunawa. Jioni, kabla ya magharibi, tulikula ugali wa muhogo na mchuzi wa kunde sisi wanne uani, Bi Zuhura akitusimulia habari za watu waliokufa kana kwamba wametoka hapo kwenda dukani.

Siku moja niliosha glasi iliyobakia unga pembeni, nikaona maajabu. Unga haukushuka chini kama mchanga wala haukuelea. Ulipungua. Nikatia maji mengine, nikakoroga, nikasubiri, ukaisha. Nikaenda mbio kwa Bwana Majivu kama mtoto aliyeokota yai. Hakuinua macho kwenye mizani. "Kila mtu anajua hilo," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Mchanga na gerimani ni ndugu wa tumbo moja. Yule hakubali maji, huyu anakubali kidogo kidogo. Kwa hiyo vyombo vya meza hii usivioshe bila ruhusa yangu." Shikeni maneno hayo. Aliyasema asubuhi, mlango uko wazi, na mwenye kusikia nilikuwa mimi peke yangu. Athumani alikuwa sokoni. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu alikuwa mpishi, na unga ulikuwa wa watu wa unga. Bwana hakumwambia. Mimi nilikula naye sahani moja jioni ile na sikumwambia. Kumbe nilikuwa nimeanza kuona fahari kujua kitu asichokijua. Siku ile ile nilichota unga kidogo, kama wa kushika kwa vidole viwili, nikaufunga kwenye karatasi na kuushonea ndani ya kofia yangu, kati ya tabaka mbili za kitambaa. Nilitaka kuujaribu kwa maji ya chumvi, kwa maji ya mvua, kwa siki. Atakayesema niliiba sitabishana naye.

Somoe alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Siku ya tatu homa ikampanda, akaanza kuzungumza na watu wasiokuwapo. Dawa ya hospitali ilimtoka kwa kutapika. Athumani akamwita Mwalimu Bakari wa chuo cha Kurani, na mwalimu akasema ataandika kombe, yaani aya kwa zafarani na maji ya waridi, kwenye sahani, zioshwe, mgonjwa anywe. Ila akataka sahani nyeupe ya kauri isiyo na pengo wala picha. Sahani za Bi Zuhura zilikuwa za bati, zimebanduka. Ya kauri aliyokuwa nayo ilichorwa tausi, na mwalimu akatikisa kichwa, aya haiandikwi juu ya sura ya kiumbe. Siku hiyo Bwana Majivu alikuwa amekwenda Kilwa Masoko kupokea meli, maana mabwana waliompa fedha ya kazi walikuwa wanakuja kuona alichopata. Mimi nilikuwa vilimani na punda wawili. Athumani akaingia chumba cha kazi, na pale juu ya meza akaiona, nyeupe, ya mviringo, kauri safi ya Ulaya. Chini kabisa ilikuwa na utando mwembamba wa vumbi jeupe. Kando yake lilikuwapo kopo la nyama ya nguruwe, limelala ubavu, mafuta yakichuruzika mezani.

Mtu mwingine angeifuta sahani kwa kanga akaondoka nayo. Angeifuta, vumbi lingebaki kwenye kanga, na pengine nisingekuwa na cha kuandika. Lakini Athumani alisoma chuoni, na alijua chombo kilichoguswa na nguruwe kinatwaharishwa vipi. Aliosha mara saba. Mara ya kwanza kwa udongo, mara sita kwa maji mapya ya kisima, kila mara akijaza mpaka ukingoni, akizungusha kwa mkono taratibu, akimwaga chini ya mpapai, akianza tena. Maji mengi, muda mrefu, mkono wa mtu anayemwogopea mkewe. Nikiambiwa leo nitafute njia nzuri zaidi ya kuuyeyusha unga ule wote usibaki hata chembe, sitaipata. Mwalimu akaandika, Somoe akanywa. Asubuhi ya pili homa ikashuka. Siku ya tatu akaomba uji.

Nilirudi nikakuta Bwana Majivu amesimama uani na ile sahani mkononi, shingo nyekundu. Athumani hakuficha kitu. Alisema yote, mpaka idadi ya maji. "Nisamehe bwana, niliiazima, nimeirudisha safi kuliko ilivyokuwa."

"Unga uko wapi?"

"Lile vumbi? Limekwenda na maji."

"Jiwe haliendi na maji," Bwana Majivu akasema. "Umemuuzia nani?"

Nilidhani hasira imempanda tu. Nikamsogelea, nikasema taratibu, "Bwana, mbona ulinieleza mwenyewe kwamba unayeyuka?" Akanitazama. Macho yake siwezi kuyasahau, kwa sababu hayakuwa na hasira hata kidogo. Yalikuwa ya mtu anayepiga hesabu. Alasiri mabwana wa meli walipofika, nilikuwa napuliza moto nje, chini ya dirisha, na Kiingereza cha kambi ya karanga nilikuwa nacho cha kutosha. Niliwasikia wakiuliza liko wapi kopo lililojaa unga aliloandika kwenye barua. Nikamsikia akijibu, "Kopo zima. Mpishi ameiba." Kopo zima! Katika miezi yote ile tulipata utando usiojaza kijiko. Aliwadanganya kwa barua, na sasa Mungu alikuwa amemletea mwizi mlangoni, tena mwizi aliyekiri kwamba aliingia chumbani na kuchukua sahani.

Hakimu alikuwa Mzungu mmoja aliyepita mji kwa mji, amechoka, anajipepea na faili. Baraza la boma lilijaa watu. Sahani ilikuwa mezani mbele yake, na kwenye ukingo, palipokuwa na mkwaruzo mdogo, rangi ya njano ya zafarani ilionekana kwa kila mwenye macho. Hakuna aliyeiangalia. Karani mkalimani, mtu wa Pande, alimnong'oneza Athumani, "Tulia. Hana ushahidi, utafukuzwa kazi uende zako." Nami nililisikia hilo. Ndilo linaloniuma. Nililisikia, na bado nilisimama.

"Unga huu unayeyuka," nikasema. "Yule bwana anajua. Aniletee chupa yake ya akiba niwaonyeshe."

"Umesoma mpaka wapi?" hakimu akauliza kwa kinywa cha mkalimani.

"Darasa la nne."

Watu wakacheka. Bwana Majivu akasema chupa ya akiba ilikwisha kwenda melini. Basi nikavua kofia. Nilichana uzi kwa meno, nikatoa karatasi, nikaomba glasi ya maji, nikaumimina unga wangu mbele ya macho yao wote. Nikakoroga kwa kidole. Unga ulichukua muda wake, kama wa mtu kusoma nusu ya Yasini, na baraza zima likaangalia mtu mzima akizungusha kidole ndani ya glasi. Ukapungua. Ukawa ukungu. Ukaisha. Nikaiinua juu kwenye mwanga kwa majivuno ya bwana harusi.

"Naona maji," hakimu akasema. "Wewe unaona nini?"

"Maji."

"Unga uko wapi?"

"Umo humo."

"Nionyeshe."

"Hauonekani, bwana. Ndiyo maana yake."

Safari hii walicheka mpaka askari. Bwana Majivu akamwambia hakimu jambo kwa Kiingereza, neno moja, chumvi. Alilisema bila kunitazama, akipangusa kofia yake. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba nikiwaonyesha unga hawataamini kuwa unayeyuka, na nikiuyeyusha hawataamini kuwa ulikuwa unga. Kisha hakimu akaacha kujipepea. "Na kama haikuwa chumvi," akasema, "uliipata wapi?"

Nikaikunja ile karatasi tupu.

"Ni mali ya huyu bwana?"

"Ndiyo."

"Alikupa?"

"Hapana."

Hapo wizi ukapatikana. Kabla ya glasi yangu palikuwa na mpishi aliyeosha sahani. Baada ya glasi palikuwa na genge, mmoja anachukua, mwingine anaficha kofiani. Athumani alipewa mwaka, mimi nusu yake kwa kuwa nilikiri. Tulipelekwa Lindi kwenye lori moja, tumefungwa pingu moja, mkono wake na wangu, na Somoe alisimama njiani hajapata nguvu za kusimama, ameshikwa na Bi Zuhura. Athumani hakuniangalia mpaka tulipovuka mto. Akasema, "Nani alikuuliza, Mfaume?" Hayo tu. Miezi sita tuliponda mawe ya matumbawe kwa ajili ya barabara, bega kwa bega, na hakunitamkia neno jingine. Wala hakunitamkia mpaka alipokufa.

Nilipotoka nilirudi Kivinje. Bwana Majivu alikuwa ameondoka na barua nzuri ya kumsifu kwa uvumilivu wake baada ya kuibiwa. Mpapai wa Bi Zuhura ulikuwa umezaa. Nikasimama chini yake kwa muda mrefu, nikiwa juu ya kazi yote ya mwaka mzima, na sikuweza kumwonyesha mtu yeyote chochote. Baadaye nimezunguka sana, mpaka nikawa mlinzi wa shule moja ya sekondari ambako mwalimu wa kemia aliniazima vitabu vyake. Humo nilisoma kwamba uko unga wa gerimani wa namna mbili, na wa pili, uliokaa motoni mpaka umejipanga upya, haukubali maji kabisa. Wetu haukufikishwa huko. Nikasoma pia juu ya kile kipande cha dirishani. Mwaka mzima nilikisifu kwamba hakishiki kutu ndani ya maji. Kumbe kinashika. Ngozi yake inaoza polepole kama chuma chochote, ila uozo wenyewe unayeyuka, maji yanauchukua, na chuma kinabaki kinang'aa. Nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilimwona Bwana Majivu waziwazi, kofia yake safi, barua yake safi, na Athumani amefungwa mkono na mkono wangu.

Ndiyo sababu kutoka Somanga sikuendelea na safari yangu. Nilishuka Tingi. Wanaume walikuwa wamekaa nje barazani juu ya mikeka, wakisubiri chakula cha khitma. Somoe alikuwa ndani, amekalia eda, na tulizungumza yeye akiwa nyuma ya pazia. Nilimpa pole. Akaitika, sauti yake ile ile, nyembamba zaidi.

"Alinitaja?" nikauliza. Sikuweza kujizuia.

"Jina lako hakulitaja, shemeji. Alikuita Glasi. Akisema 'kama Glasi', watoto wote wanajua ni mtu anayesema pasipo kuulizwa." Akasogea karibu na pazia. "Hakukusamehe. Siwezi kukudanganya."

Mjukuu wake akapita pazia, akaniwekea mbele yangu glasi ya maji juu ya sinia. Nikaiangalia. Maji matulivu, safi, hayana kitu.

"Kunywa, shemeji. Maji tu hayo."

Nikanywa. Yakanipalia, na yeye akasubiri mpaka nimalize kukohoa. Kisha akasema, "Waliokaa hapo nje wote wamekuja kumzika mwizi. Wajukuu zangu wanajua babu yao alifungwa, hawajui kwa nini. Yeye hakupenda kusema, aliona watamcheka kama walivyokucheka wewe. Siku ile hakuna aliyekuuliza ukasema. Leo nakuuliza mimi. Toka ukawaambie."

Niliweka glasi chini. Nikatoka nje barazani, nikavua kofia, na wazee wakanipisha nafasi wakidhani nataka kuketi. Sikuketi. Nikaikamata kofia kwa mikono miwili. Nikaanza na sahani: mara saba, ya kwanza kwa udongo.